Gokati Yetu ya Injini ya Kukopa

Bila shaka umewahi kuwaona watoto wa mtaani wakiteremka kilima wakiwa wamekalia ubao wenye beringi nne, kelele zake zikisikika hadi mtaa wa pili. Nami nilianza vivyo hivyo. Kovu lililo kwenye goti langu la kushoto ni la wakati nilipokuwa darasa la sita, na sitalieleza hapa kwa sababu mwalimu mlezi wa chama amenipa kurasa chache tu. Makala haya yanahusu ndugu mkubwa wa ubao ule, yaani gokati: kigari cha mbio chenye magurudumu manne, kiti kimoja, injini moja, na kisicho na springi hata moja.

Gokati ya kwanza iliundwa mwaka wa 1956 huko California, Marekani, na Art Ingels, fundi aliyekuwa akiunda magari ya mbio. Injini aliyoitia ilikuwa ya mashine ya kukata nyasi. Ayrton Senna wa Brazil, aliyekuwa bingwa wa dunia wa Formula One mwaka wa 1988, 1990 na 1991, alianza akiwa na miaka 4 kwa kigari alichoundiwa na babake, nacho pia kilikuwa na injini ya kukata nyasi. Kwa hivyo msitucheke mkisikia kwamba yetu ilikuwa na injini ya kuoshea magari.

Fremu tuliipata kwa mjomba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nakuru. Aliinunua kwa kilo kama chuma chakavu pamoja na magurudumu, ekseli ya nyuma, breki na kiti kilichopasuka, kutoka mahali fulani walipokuwa wakikodisha vigari hivyo. Haikuwa na injini. Ilikaa juu ya paa la kibanda chake kwa muda mrefu, kuku wakitagia kwenye kiti. Likizo ya Aprili ilipofika, mimi na rafiki yangu tunayeketi dawati moja tukaenda kumwomba.

"Mjomba, tunaomba ile fremu tuitengeneze."

"Fremu si neno," akasema. "Injini mtatoa wapi? Mtaisukuma kama mkokoteni?"

Kaka yangu ana kioski cha kuoshea magari kando ya barabara. Ana injini mbili za petroli, Honda GX160, za sentimita za ujazo 163 kila moja, zinazozungusha pampu kwa mkanda. Moja hufanya kazi kila siku. Ya pili huitumia Jumamosi na Jumapili, wakati magari yanapopanga foleni. Nilimbembeleza siku tatu. Siku ya nne akakubali, lakini alivyonitazama hakuwa akicheka.

"We, nisikize vizuri. Hiyo injini ndiyo inakulipia pesa ya chakula cha mchana shuleni. Ijumaa saa kumi na moja jioni naitaka hapa, na iwake kwa mvuto wa kwanza. Ikikosa, hutaiona tena, na hiyo chakula utajua vile utafanya."

Ndugu msomaji, sharti hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu katika kigari chetu. Ilibidi injini iweze kufungwa Jumatatu na kufunguliwa Ijumaa bila kuharibu chochote. Mtu mwenye injini yake mwenyewe huifunga mara moja akasahau. Sisi tulijifunza kuifunga na kuifungua hadi tukaweza kufanya hivyo gizani.

Kabla ya kugusa injini, mjomba alitufundisha kuikagua fremu. Tuliisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, kwa maana ufa hujificha chini ya rangi na kutu. Kisha tukaiweka juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa na kupima kwa kamba, kutoka kona ya mbele kushoto hadi kona ya nyuma kulia, halafu upande wa pili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, fremu haijapindika kama ubavu wa ng'ombe. Vyetu vilitofautiana kwa milimita 4, na mjomba akasema hiyo si mbaya kwa chuma kilicholaliwa na kuku. Tuliona ufa mmoja karibu na mahali kiti kinapofungwa. Nilidhani ataufunika kwa kuchomelea tu. La hasha! Alitoboa tundu dogo kabisa kwenye ncha ya ufa, ndipo akachomelea. Alieleza kwamba ufa hukimbia kutoka kwenye ncha yake kali, na tundu la duara huuzuia kuendelea. Pia alikataa katakata kuongeza vyuma vya kuimarisha fremu huku na huku. Wakati ule sikuelewa. Sababu yake utaiona mbele.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mwalimu wetu wa fizikia alipenda sana nilipomweleza. Gari la kawaida lina difu, yaani gia za nyuma zinazoruhusu gurudumu moja kuzunguka haraka kuliko jingine. Gokati haina. Magurudumu yake mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja nzima, moja likizunguka mara moja na jingine huzunguka mara moja. Hebu piga hesabu. Tuseme unakata kona ya robo duara, na gurudumu la ndani liko mita 5 kutoka kitovu cha kona. La nje liko mita 1.1 zaidi. La ndani litasafiri mita 7.85, na la nje mita 9.58. Tofauti ni mita 1.73! Magurudumu yaliyofungwa pamoja yatawezaje kusafiri umbali tofauti? Lazima moja liburuzike, na kuburuzika huko hula mwendo na tairi.

Dawa yake ni kuliinua gurudumu la ndani la nyuma kidogo tu, liache kushika ardhi wakati wa kukata kona. Na linainuliwa na nini? Na usukani! Ile mihimili ambayo magurudumu ya mbele hugeukia haikusimama wima. Kichwa chake kimelazwa kidogo kuelekea nyuma. Ukikata kushoto, gurudumu la mbele la kushoto husukumwa chini na la kulia hupanda. Kona ya mbele ya kushoto ya fremu inapoinuliwa hivyo, uzito huangukia gurudumu la nyuma la kulia, nalo gurudumu la nyuma la kushoto hubaki jepesi na kuinuka. Ni kama meza yenye miguu minne ukiweka kipande cha mti chini ya mguu mmoja. Lakini ili jambo hili litendeke vizuri, fremu lazima iweze kujinyonga kidogo. Fremu ndiyo springi ya gokati. Ndiyo maana mjomba alikataa kuongeza vyuma. Fremu ngumu kama daraja haitakata kona.

Kwenye sehemu ya injini mjomba alichomelea bamba nene lenye matundu manne marefu, si ya duara. Matundu marefu hukuwezesha kuisukuma injini mbele au nyuma kabla ya kukaza bolti, na hivyo ndivyo cheni inavyokazwa au kulegezwa. Baada ya kutoa puli ya mkanda wa pampu, tulivalisha klachi. Klachi ya gokati ni aina inayojishika yenyewe: ndani yake mna viatu vidogo vinavyotupwa nje injini inapozunguka haraka, vikaishika ngoma yenye meno ya cheni. Injini ikiwa inanguruma polepole, kigari kinasimama. Ukikanyaga mafuta, kinaondoka. Tuliinunua iliyotumika, na hapo tukapata taabu. Tundu la klachi lilikuwa la robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, na shafti ya injini yetu ni ya milimita 20. Tofauti haifiki hata milimita moja, lakini haingii ng'o! Rafiki yangu alitaka tuipige nyundo. Bahati nzuri mjomba alikuwa karibu. Tuliipeleka kwa fundi wa mashine ya kukereza, akaipanua kwa dakika kumi na kutudai shilingi ambazo tulizilipa kwa kuosha magari wikendi mbili.

Klachi yetu ina meno 12 na sproketi ya nyuma ina meno 72. Gawanya, utapata 6. Maana yake, injini ikizunguka mara 6 ekseli huzunguka mara 1. Injini hii hufikia mizunguko kama 3,600 kwa dakika, kwa hivyo ekseli inapata 600. Tairi la nyuma lina kipenyo cha sentimita 28, mzunguko wake ni kama mita 0.88, basi kwa dakika moja kigari kinaenda mita 528, au karibu kilomita 32 kwa saa. Ukitia sproketi ya meno 60 utapata kilomita 38, lakini nguvu za kuondoka zitapungua, na klachi itateleza na kuungua kwenye kila kona ya polepole. Uwanja wetu ulikuwa ua wa lami wa ghala la zamani, mlinzi akituruhusu asubuhi, nao ni mdogo wenye kona nyingi. Tukabaki na 72. Kilomita 32 zinaweza kuonekana chache, lakini ukikaa sentimita chache tu juu ya lami, macho yako yakiwa kimo cha mbwa, utadhani unapaa.

Binamu yangu alishauri tutoe gavana. (Gavana wa injini, si yule wa kaunti.) Hicho ni chombo ndani ya injini kinachofunga mafuta kidogo kidogo mizunguko inapozidi. Ni kweli kukitoa huongeza mwendo. Lakini injini hii imeundwa kufanya kazi kwa saa nyingi bila kupita mwendo huo. Ukizidisha, mkono wa pistoni unaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini, au gurudumu zito la injini likapasuka, na vipande vyake havichagui pa kwenda. Nilifikiria lile sahani la maharagwe shuleni. Gavana akabaki.

Kufunga cheni kunahitaji macho. Sproketi mbili lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Tuliweka rula ndefu ya chuma kwenye uso wa sproketi ya nyuma na kuangalia kama inagusa ya mbele sawasawa. Cheni ikienda upande, hula meno ya sproketi na mwishowe huruka. Kisha ibonyeze katikati kwa kidole: inapaswa kucheza kama milimita 10. Ikikazwa kama waya wa gitaa, itakula beringi. Ikilegea sana, itachomoka. Zungusha ekseli polepole ukipima sehemu mbalimbali, kwa sababu sproketi ikiwa haikukaa katikati, utaona cheni ikikaza hapa na kulegea pale. Hatimaye funika cheni kwa bamba. Usiwahi kugusa cheni injini ikiwa inawaka, hata kama kigari kimesimama. Silegezi kanuni hiyo kwa mtu yeyote, awe rafiki au binamu.

Matairi nitayapitia haraka. Mara ya kwanza tulipeleka magurudumu kwenye kituo cha petroli, naye jamaa wa pale akayajaza PSI 30 kama ya gari. Kigari kikateleza uwanja mzima kama kimekanyaga ganda la ndizi. Tairi la gokati ni dogo na gari lenyewe ni jepesi. Sisi tunatia PSI 15 kwa pampu ya baiskeli, tairi likiwa baridi. Likipata joto upepo wake hupanda wenyewe.

Kiti, kwa upande wake, si cha kukalia tu. Dereva ndiye mzigo mkubwa kuliko vyote kwenye kigari, na mahali anapokaa ndipo uzito unapogawanyika. Tuliazima mizani ya kupimia watu, tukaiweka chini ya gurudumu moja na vipande vya mbao vya kimo kilekile chini ya mengine matatu, tukazunguka hivyo gurudumu baada ya gurudumu nikiwa nimekaa ndani. Jumla ilikuwa kilo 135: mbele 51, nyuma 84. Mbele ilikuwa nyepesi mno. Ndiyo maana nilipokata usukani kigari kiliendelea kwenda mbele kama mbuzi aliyekataa kamba. Tulitoboa matundu mapya tukasogeza kiti sentimita 6 mbele. Tukapima tena: mbele 54, nyuma 81, yaani asilimia 40 kwa 60. Siku hiyo nilikata kona zote bila kugusa matairi ya zamani tuliyoyapanga kandokando.

Breki ni moja tu, diski kwenye ekseli ya nyuma. Hakuna breki mbele. Kwa hivyo anayekanyaga breki katikati ya kona atajikuta anatazama alikotoka. Funga breki ungali umenyooka, kisha iachilie, ndipo ukate. Yetu mwanzoni ilikuwa laini kama sponji, ishara kwamba hewa imeingia kwenye mafuta. Mmoja hukanyaga padeli na kuishikilia, mwingine hufungua kidogo skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye breki, mafuta na mapovu yakatoka, hufunga, ndipo wa kwanza huachilia. Rudia hadi mapovu yaishe, na usiache kikopo cha mafuta kikauke la sivyo utaanza upya. Usitie mafuta ya injini humo! Mipira ya ndani itafura.

Msomaji wangu, sasa nitaeleza jambo ambalo ningependa kulificha, lakini rafiki yangu amesema nisipoliandika yeye ataliandika toleo lijalo.

Magurudumu ya mbele hayapaswi kuangaliana wala kupeana kisogo kupita kiasi. Unapima umbali kati ya matairi upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, kwa kimo cha ekseli. Tulitaka upande wa mbele uwe mpana kwa milimita 2, ili kigari kiitikie usukani upesi. Marekebisho hufanywa kwa kurefusha au kufupisha tairodi, ile fimbo inayotoka kwenye usukani hadi kwenye gurudumu. Kwanza nilipima kigari kikiwa kitupu, nikapata vizuri kabisa. Mjomba akaniambia, "Hebu keti ndani." Nilipoketi, fremu ikajikunja kidogo na kipimo kikabadilika! Tangu hapo tunapima dereva akiwa kitini.

Tairodi zetu zina uzi wa aina moja ncha zote mbili, kwa hivyo huwezi kuzungusha fimbo tu. Lazima ufungue bolti ya ncha moja, uzungushe ile ncha, kisha urudishe bolti. Nilifanya hivyo mara nyingi sana likizo ya Agosti. Nati zinazotumika hapo ni zile zenye mpira ndani, ambazo mpira huo ndio huzizuia kulegea kwa mtetemo. Kila unapoifungua mpira huchakaa. Ijumaa moja jioni nilikuwa nikirekebisha, kaka akinipigia simu mara ya tatu kuulizia injini. Nilirudisha nati, nikasikia inaingia yote kwa vidole, bila spana. Nilijua maana yake. Nikajiambia nitaibadilisha Jumatatu, nikakimbia na injini.

Jumatatu nilifunga injini, nikakaza cheni, nikapima matairi. Nati nikaisahau. Rafiki yangu ndiye aliyeanza. Mzunguko wa kwanza salama. Mzunguko wa pili, akiwa anaingia kwenye kona ya mbali, nikaona gurudumu la kushoto likitazama kwake na la kulia likitazama kwake. Alikanyaga breki lakini kigari kilikuwa kimekwisha chagua njia. Kiligonga matairi ya zamani na mkono wake wa kulia ukapinda kwenye usukani. Helmeti ya bodaboda iliyokuwa kichwani ilipata mkwaruzo wa urefu wa kidole. Mlinzi alikuja mbio kuliko sisi.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Akafungwa plasta wiki sita, akafungua shule ya muhula wa tatu akiandika kwa mkono wa kushoto, herufi zake zikiwa kama nyayo za kuku. Jioni ile nilienda kwao na mjomba. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba bolti ilikatika. Njiani mjomba aliitoa ile bolti mfukoni, nzima kabisa, akanipa bila kusema neno. Basi nikamwambia mamake yaliyokuwa kweli: "Mama, bolti haikukatika. Nati ilikuwa imechakaa, nami nilijua."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Ulijua siku gani?"

"Ijumaa."

"Na Jumatatu ukamwacha apande."

"Ndiyo, mama."

Hakunigombeza. Alimwambia mjomba kwamba kijana wake hatapanda tena kitu hicho, naye mjomba akakubali. Nilianza kubeba mabegi mawili kwenda shule, na kunakili maelezo ya masomo mara mbili, kwa wiki zote sita.

Kutoka siku hiyo tuna utaratibu mwingine. Nati yenye mpira hutumika mara moja tu, ikifunguliwa hutupwa. Bei yake haifiki ya soda. Kwenye usukani na breki tuliweka bolti zenye tundu, na pini ya kupasua hupita ndani yake. Kila nati inapokazwa tunapaka mstari mwembamba wa rangi ya kucha ya dada yangu, mstari unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti. Nati ikisogea hata kidogo, mstari hukatika na utauona ukiwa umesimama. Na aliyekaza siye anayekagua. Wa pili huzunguka kigari kizima akishika kila bolti, naye peke yake ndiye anayeruhusu kamba ya injini ivutwe.

Matunzo mengine ni ya kawaida. Mafuta ya injini ni lita 0.6 tu, kwa hivyo upungufu mdogo ni upungufu mkubwa. Tunayapima kila asubuhi kigari kikiwa mahali tambarare. Ndani ya injini hii kuna kijiko kinachorusha mafuta juu, na kwenye kona kali mafuta hukimbilia upande mmoja. Mafuta yakipungua, kuna kifaa kinachoizima injini yenyewe. Ikizimika kwenye kona, usianze kulaumu plagi. Tazama mafuta kwanza. Yabadilishe baada ya saa 100 za kazi, au mapema zaidi penye vumbi. Plagi ina nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8. Vumbi la Nakuru ni adui mkubwa, basi sponji ya kuchujia hewa tunaiosha kwa sabuni na maji, tunaikausha kabisa, tunaipaka mafuta kidogo na kuikamua. Petroli hutiwa injini ikiwa imepoa. Cheni hupakwa mafuta baada ya mbio, ikingali na joto, ili yaingie ndani ya viungo vyake. Klachi ikigeuka rangi ya buluu, kuna mtu anayekanyaga mafuta na breki pamoja, na kwa kawaida ni binamu yangu.

Waya wa kuzimia injini tumeuleta hadi kwenye usukani, kidole kikiugusa tu injini inakufa. Huo tungeuweka tangu mwanzo.

Injini imerudi kwa kaka kila Ijumaa bila kukosa, hata ile wiki ya ajali, na haijakataa kuwaka. Fremu sasa imetundikwa ukutani kwa mjomba, kuku wamefukuzwa. Mama wa rafiki yangu bado hajabadili neno lake kuhusu kupanda, lakini mwezi jana alimruhusu aje kukagua. Huja na tochi ya simu, hutembea polepole akitazama mistari ile myekundu mmoja baada ya mwingine, nami husimama kando na spana mkononi nikingoja. Wiki iliyopita alinikatalia kwa sababu ya nati moja ya gurudumu la nyuma. Niliona imekaza kabisa. Niliifungua, nikaweka mpya, nikapaka rangi, akaangalia tena. Anayetaka kuja kuona aje likizo ijayo, Jumanne au Jumatano asubuhi, na aje na viatu vilivyofungwa.